Hodi, Kota Namba Nne

Mimi ni mwalimu wa udereva, na mtu yeyote aliyewahi kukaa na mimi ndani ya lile gari dogo lenye breki mbili atakuambia kwamba sina subira. Sikatai. Miaka kumi na tisa ya kukanyaga breki ya pili kwa ajili ya watu wanaochungulia simu inaweza kumharibu hata malaika. Lakini Jumapili asubuhi huwa nawaongoza watu bwawani kwa vile vimtumbwi vyembamba viitwavyo kayaki, watu wa kawaida tu wanaotaka kunyoosha mabega, na kule majini hakuna breki ya pili. Kwa hiyo nikaweka sheria. Wananiita Kamanda, wakidhani sijui kwamba wananikejeli.

Sheria zetu zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao uliopigiliwa ukutani, kwenye kibanda cha gati, na mwandiko ni wangu. Chini ya maandishi kuna misumari kumi na miwili, na kila msumari una kibati chenye namba. Ukiingia majini unachukua kibati chako, unakifunga kwenye jaketi la kuelea. Ukirudi unakitundika tena. Mlinzi wa gati anabaki na karatasi yenye majina yetu na saa ya kurudi. Saa tano kamili, kama kuna msumari mtupu, anawapigia simu watu wa boti ya injini, hata kama anatuona kwa macho yake tunakuja. Nilimwambia siku atakayosubiri dakika moja ya huruma atakula sahani moja na mimi.

Majini kwenyewe, mbele anakwenda mmoja na hakuna wa kumpita. Nyuma anakwenda Mkia na hakuna wa kubaki nyuma yake. Mwendo ni wa yule aliye mzito kuliko wote. Haya watu huyaelewa upesi. Linalowasumbua ni lile la mwisho, nililoliandika kwa herufi kubwa: KASIA JUU, TUNARUDI. HAKUNA KUULIZA.

Maana yake ni hivi. Mtu yeyote, hata awe amejiunga jana, akisimamisha kasia lake wima hewani, sisi sote tunasimamisha yetu kumjibu, tunageuka, tunarudi gatini. Hatumuulizi sababu mpaka tufike nchi kavu na chai iwe mkononi, na hata hapo akitaka kunyamaza, ruksa. Hatusimami njiani kushangaa ndege. Na aliyeinua ndiye peke yake awezaye kushusha, yaani kuifuta ile amri ya kurudi. Sikuitoa sheria hii kichwani. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mpishi mmoja wa hoteli, mwanamke mcheshi, aliyeona haya kusema kwamba mkono wake umekufa ganzi. Nilimuuliza, "Unaweza?" Akasema, "Naweza, Kamanda." Nilimuuliza mara tatu, na mara zote tatu alitabasamu. Tulikuja kumvuta kutoka chini ya kayaki midomo ikiwa na rangi ya majivu. Alipona, tena mpaka leo akiniona ananiita kwa shangwe, lakini mimi lile tabasamu halijanitoka. Ukimuuliza mtu mbele ya wenzake kama anaweza, atakudanganya.

Kwa miaka sita kasia lilikuwa limeinuliwa mara tisa. Misuli kukaza, kizunguzungu, haja ndogo mara mbili. Mmoja wa mafundi friji wetu, tukiwa tumefika mbali kweli, alikumbuka kwamba ameacha pasi inawaka. Tulirudi sote, hakuna aliyeuliza, na tangu siku hiyo jina lake ni Pasi.

Sasa sikiliza. Mwaka huu mvua zilichelewa, na wahandisi wakashusha maji ya bwawa ili watengeneze malango. Maji yakapungua, yakapungua, hadi siku moja katikati ya bwawa kikachomoza kitu. Mlinzi alisema ni boya. Wiki iliyofuata boya likawa na pembe nne na ngazi ya chuma. Lilikuwa tangi la maji la stesheni ya reli.

Mama yangu alizaliwa pale. Chini ya bwawa letu kuna stesheni nzima na kota nane za wafanyakazi, na babu yangu alikuwa fundi wa reli, akikaa kota namba nne. Mama alikuwa na miaka kumi na tisa walipoambiwa wahame, maji yanakuja. Sasa ana sabini na mbili. Huwa hasimulii mengi. Anasimulia treni ya alfajiri iliyokuwa ikitikisa vikombe kabatini, na anasimulia ngazi. Kota zote nane zilikuwa na ngazi tatu mlangoni, zinatazama reli. Ya kwao peke yake ilikuwa na nne, kwa sababu bibi yake alikuwa na magoti mabovu, na babu akamwongezea ngazi moja fupi chini, akaichanganyia saruji mwenyewe siku ya mapumziko. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa nabebwa mgongoni.

Nilipomwonyesha picha ya tangi kwenye simu, aliipokea. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza puani, akakaa hivyo mpaka kioo kikazimika. Kisha akasema, "Huko majini kwenu mnachukua watu wa umri gani?"

Nilimfundisha wiki tano, kwenye maji ya kiunoni, na sikumwonea huruma. Kupinduka, kutoka chini, kupuliza filimbi, kushikilia kayaki mpaka usaidiwe. Kaka yangu mkubwa alinipigia simu akifoka, eti nimerukwa na akili, nataka kumuua mama. Mama akaninyang'anya simu akiwa bado anachuruzika maji. "Wewe nilikuzaa miguu ikitangulia," akamwambia, "halafu unanitisha kwa ndoo ya maji? Endelea na kazi yako, baba." Akakata. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Halafu tangazo likatoka. Malango yamekamilika, maji yataanza kupandishwa Jumatatu. Kwa hiyo tulibakiwa na Jumapili moja tu. Kama mama yangu angepaona kwao kwa mara nyingine maishani, ingekuwa siku hiyo, na hapakuwa na nyingine nyuma yake. Wiki nzima sikulala vizuri. Wanafunzi wangu wanasema hata breki ya pili sikuikanyaga, nilikuwa nawaachia tu wagonge koni.

Tulikuwa watu saba kwenye kayaki sita. Mimi na Mama tulikaa kwenye ile ya watu wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Nesi ndiye Mkia wetu, mwanamke mtulivu asiyepandisha sauti hata nyumba ikiungua. Walikuwepo Pasi na mdogo wake, ambaye naye ni fundi friji, na mwalimu mmoja wa hesabu. Wa saba alikuwa Mshonaji.

Mshonaji nikueleze vizuri. Ni mtu wa makamo, anashona sare za shule, amekaa kwenye cherehani hadi daktari akamwambia achague kati ya mazoezi na kitanda cha wagonjwa. Akachagua kayaki, na Mungu ndiye ajuaye kwa nini, maana anaogopa maji kuliko paka. Ile ilikuwa safari yake ya nne. Kila safari nilimpigia kelele kama ninavyowapigia madereva, "Angalia mbali! Mbali!" naye hujibu, "Naam, Kamanda," huku macho yameganda pale pale ubavuni mwa kayaki yake, anayachunga maji yasije yakaingia. Mtu mwema, lakini alikuwa akinichosha.

Tuliondoka saa moja na nusu. Kitambaa cha bendera pale gatini kilikuwa kimelala. Bwawani kwetu upepo huamka saa nne na nusu, haukosi, kwa hiyo niliwaambia wote: saa tatu na robo tunageuka, tumefika hatujafika. Mlinzi akasoma majina kwa sauti, akahesabu misumari mitupu saba, akamwambia Mama, "Safari njema, mama. Wasalimie." Ni maneno tu ya kumwambia mtu anayesafiri. Mama akamjibu, "Zimefika."

Jua lilikuwa mbele yetu uso kwa uso. Maji yalimetameta kama bati jipya, huwezi kuyatazama, kwa hiyo tulishusha kofia hadi kwenye nyusi na kulikazia macho tangi peke yake. Lilianza kama kidole. Baada ya saa moja likawa kama kabati. Halafu likawa kubwa kweli kweli, jeusi, kutu imelishukia ubavuni, na kwenye miguu yake kuna mistari ya maji, mstari juu ya mstari, miaka yote hiyo. Watu waliokuwa wakitaniana waliacha. Mimi nimepita juu ya bwawa hili kila Jumapili kwa miaka sita, mia kwa mia nikijua kuna stesheni chini, lakini kujua ni kitu kimoja na kuona mguu wa chuma ukitoka majini ni kingine. Mbele yangu Mama alikuwa anapiga kasia polepole, sawasawa, kibati namba saba kinamgonga begani. Sikuweza kuuona uso wake.

Saa yangu ilisema saa mbili na dakika hamsini. Upepo hakuna. Tulikuwa tumebakiza mita mia tatu, labda pungufu. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie Mama, "Tumefika," na hapo ndipo kwa pembe ya jicho nikaona kasia linapanda.

Mshonaji! Alikuwa amelisimamisha wima kwa mikono miwili.

Mwalimu akajibu, kasia juu. Pasi na mdogo wake wakajibu. Nyuma kabisa Nesi akajibu. Kisha hatua moja tu mbele ya pua yangu, kasia la mama yangu nalo likapanda, maji yakimtiririkia mikononi. Likabaki langu.

Damu ilinichemka, siwezi kukudanganya. Mita mia tatu! Miaka hamsini na tatu na mita mia tatu! Maji yametulia kama chai kwenye kikombe, hakuna aliyepinduka, hakuna anayetapika, halafu huyu bwana wa vifungo na zipu anaona leo ndiyo siku. Nilitaka kumtukana tusi ambalo sijawahi kumtukana hata mtu aliyeliingiza gari langu mtaroni.

"Wewe, Mshonaji..." nikaanza.

Mama hakugeuka. "Ule ubao pale ukutani," akasema, "uliuandika wewe au niliuandika mimi?"

Hapo nilipita kwenye hila zote. Niliwaza: wengine warudi na Nesi, mimi na Mama tumalizie sisi wawili, dakika kumi tu, nani atakufa? Niliwaza hivyo kweli. Lakini nikamwona Mshonaji anavyoling'ang'ania kasia lake, na nikajua kwamba nikimwacha nyuma leo, hakuna mtu wa kundi langu atakayethubutu kuinua kasia tena. Watatabasamu. Watasema, "Naweza, Kamanda." Nikainua kasia langu, la mwisho. Tukageuka. Faida ya kukaa nyuma ni kwamba mama yako hakuoni ukilia, na nililia kama mtoto aliyenyang'anywa.

Tulikwenda hivyo kama dakika tano. Jua sasa lilikuwa mgongoni. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, natazama magoti yangu, na nakumbuka niliona joto la jua shingoni nikalichukia na lenyewe.

"Jamani," akasema mdogo wake Pasi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jamani, chini. Tazameni chini."

Nikatazama. Salaale!

Lile bati lililokuwa limefunika maji asubuhi halikuwepo tena. Jua lilikuwa linaingia majini kutoka nyuma yetu hadi sakafuni, na kwa kuwa mvua haikunyesha miezi mingi, hakukuwa na tope, maji yalikuwa maangavu ajabu. Na chini yetu kulikuwa na reli. Si vyuma vyenyewe, vile waling'oa, lakini tuta lake lilikuwepo, limenyooka kama limepigwa rula, kokoto zake bado ziko, na alama za mataruma, yale magogo ya kulazia reli, bado ziko, moja baada ya nyingine baada ya nyingine, zinakwenda mbele mpaka macho yanashindwa. Samaki wadogo walikuwa wanapita juu yake, kundi zima, wanafuata reli. Na vivuli vyetu vilikuwa kule chini, kayaki sita, kila kivuli na mikono yake, vinapita juu ya kokoto. Nilishika ubavu wa kayaki. Mwili mzima uliniambia kwamba tuko angani, na kwamba tukiteleza tutaanguka.

Tuliotazama tuliacha kupiga kasia. Kayaki zilikuwa zinakwenda zenyewe kwa nguvu iliyobaki, na nilisikia Nesi nyuma yangu, yule asiyeshtuka, anasema polepole, "Ee Mungu. Ee Mungu wangu."

Ndipo nyumba ya kwanza ikaja. Haikuwa na paa, mabati waliyang'oa wenyewe walipohama, lakini kuta zilikuwa zimesimama, na mlango, na madirisha mawili, na njia ndogo ya mawe kutoka mlangoni hadi kwenye reli. Asubuhi tulikuwa tumepita juu yake tukikimbilia tangi. Mimi mwenyewe niliyejifanya najua, sikuwahi kujiuliza kota zilikuwa upande gani wa stesheni. Niliona chuma kinachochungulia juu ya maji nikakipa jina la nyumbani kwa mama yangu.

Nikahesabu ngazi. Tatu.

Nyumba ya pili. Tatu. Nyumba ya tatu ilikuwa imebomoka upande mmoja, lakini ngazi zilikuwa wazi kabisa. Tatu.

Mama alikuwa amelaza kasia magotini na ameshika ukingo wa kayaki kwa mikono yote miwili. Niliona vidole vyake vimekaza. Nyumba iliyofuata ikaja chini yetu taratibu, na nikahesabu moja, mbili, tatu, na chini yake kabisa, fupi, pana, imepinda kidogo upande wa kushoto, ya nne.

Na sheria inasema hakuna kusimama njiani. Unaelewa nilivyokuwa? Kasia liliinuliwa, hatujui kwa nini, huenda mtu ana maumivu ya moyo, na ni mimi niliyeandika kwa rangi nyekundu kwamba hatumuulizi. Nilimtazama Mshonaji. Alikuwa amefumba macho! Anapiga kasia akiwa amefumba macho, midomo inacheza, jasho linamtoka. Sikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote, na Mama naye hakusema. Angeweza. Neno moja tu la mwanamke wa umri ule na kila mtu angesimama. Aliiangalia tu nyumba yao inavyoanza kupita, kama mtu aliye dirishani mwa treni.

Nafikiri ni ule ukimya uliomfumbua macho Mshonaji. Alisikia kwamba anapiga kasia peke yake. Akatutazama, akamtazama Mama, akafuata macho ya Mama hadi chini.

"Nishikeni," akasema. Sauti ilimkatika, akaanza upya. "Nishikeni pande zote mbili. Mkinishika, nitashusha."

Nesi alifika kabla hajamaliza kusema. Pasi na mdogo wake wakaja upande wa pili, wakashikana kayaki kwa kayaki, makasia yamelazwa juu kama daraja, Mwalimu akawaegemea kwa nyuma. Mshonaji akainua kasia lake mara moja, wima, kila mtu akaliona, kisha akalilaza magotini. "Nimeshusha," akasema, akafumba macho tena.

"Dakika kumi," nikasema.

Niliisogeza kayaki yetu polepole, nikairudisha, nikaituliza juu ya nyumba. Ukuta wa mbele ulikuwa karibu kabisa, kasia lingeufikia. Kivuli chetu kiliteleza juu ya ngazi zote nne, kikaingia mlangoni, kikalala sakafuni ndani ya chumba. Sakafu ilikuwa nyekundu. Miaka yote hiyo Mama hakuwahi kuniambia kwamba ilikuwa nyekundu, na sasa niliiona kwa macho yangu, nyekundu iliyopigwa kwa mkono, na kona moja imechakaa karibu na mlango, pale watu wanapogeuza mguu wakiingia. Watu waliogeuza mguu pale ni watu wangu.

Mama alichukua kasia lake, akalishusha majini taratibu, mkono wote hadi kwapani, mpaka likagusa juu ya ukuta. Akagonga. Mlio haukuja masikioni, ulikuja kwenye kayaki, nikausikia kwenye mifupa ya miguu.

"Hodi," akasema Mama.

Akasubiri. Hakusubiri kama mtu anayeigiza. Aliinamisha kichwa upande, kama anavyofanya mlangoni kwa jirani, anasikiliza kama kuna mtu anavaa ndala.

Akagonga tena. "Hodi."

Mimi, nisiyeweza kunyamaza dakika mbili, sikupumua. Samaki mmoja alitoka dirishani, akageuka, akarudi ndani.

"Hodi jamani," akasema mara ya tatu, kwa upole sana.

Kisha akavuta kasia juu, akaliacha lichuruzike, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Haya, mwanangu," akasema. "Geuza gari."

Tulifika gatini saa nne na robo, upepo ukianza kuchezea kitambaa cha bendera. Vibati saba vikarudi kwenye misumari saba. Chupa ya chai ikafunguliwa, vikombe vikapita, na kwa sheria yetu sasa Mshonaji alikuwa huru kusema au kunyamaza. Alizungusha kikombe mikononi kwa muda mrefu.

"Niliona mlango," akasema. "Tulipokuwa tunakwenda. Kamanda unaniambia niangalie mbali, mimi siwezi, mimi huangalia hapa ubavuni, kwenye kivuli cha kayaki. Ndani ya kivuli nikaona mlango wa nyumba uko wazi. Nikajiambia ni macho. Nikajikaza, nikajikaza tena, halafu tangi likawa linakua na kukua, na nikafikiria nyumba zote hizo ziko chini ya makalio yangu." Akatabasamu kwa aibu. "Nikashindwa. Nisameheni. Nilijua ni siku ya mama."

Kumbe katika watu saba ni yeye peke yake aliyeiona asubuhi, kwa sababu hakunitii. Nikamwambia mbele ya wote kwamba pale majini nilitaka kumtukana, kwamba nilikuwa nimekwisha kulichagua tusi, na kwamba naomba radhi. Nikamwambia kama asingeinua kasia tungefika tangini, tungepiga picha, tungerudi kwa haraka ya upepo, na kesho maji yangepanda. Alinitazama kana kwamba nimezungumza Kichina. Pasi akamwambia, "Kunywa chai, baba. Hata mimi niliwarudisha kwa ajili ya pasi."

"Na lile tangi, Mama?" nikauliza. "Hujalifikia. Hujutii?"

"Tangi?" Mama akanishangaa. "Nani alikuambia nataka tangi? Tangi ni la shirika la reli."

Tulicheka, jamani, tulicheka mpaka Mwalimu akamwaga chai. Mama naye alicheka, lakini mikono yake ilikuwa imelikumbatia jaketi la kuelea, hakutaka kulivua.

Mlinzi akaja na karatasi yake ili nitie sahihi kwamba wote tumerudi. Hakujua lolote. Alimwona Mama amekaa kwenye benchi na nywele zimemlowa, akamuuliza kama unavyomuuliza mtu yeyote anayetoka safarini, "Vipi, mama, mlifika?"

"Tulifika, baba," akasema Mama. "Tulipiga hodi mara tatu. Hatukuwakuta."

"Pole," akasema mlinzi, akinipa kalamu. "Basi, mtawakuta siku nyingine."

Mama alitazama majini. Kutoka pale kwenye benchi huwezi kuona chochote, ni bwawa tu na tangi kwa mbali.

"Tutawakuta," akasema, akanyoosha kikombe nimwongezee chai.